Dinosaria Wanaojulikana kwa Mifupa Michache: Dhana na Ukweli

Katika vibanda vya mitumba vya Owino, Kampala, hukosi kuona fulana ya mtoto yenye picha ya Spinosaurus, mgongo wake umesimama kama tanga la mashua. Mtoto anayeivaa, na mzazi anayemnunulia, huamini kwamba mnyama huyo anajulikana kwa mifupa tele.

Dhana: Dinosaria akiwa maarufu, mifupa yake ni mingi na kamili.

Ukweli: Spinosaurus alipewa jina mwaka 1915 na Mjerumani Ernst Stromer, kutokana na vipande vichache vilivyopatikana Bahariya, Misri, mwaka 1912: sehemu ya taya, meno, na pingili za mgongo zenye miiba iliyofikia takriban mita 1.65. Vipande hivyo viliteketea Munich katika shambulio la mabomu la Aprili 1944, na kwa miongo mingi wataalamu walitegemea zaidi michoro na picha alizoziacha Stromer. Mifupa mingine muhimu, iliyotoka Moroko, ilitangazwa mwaka 2014, na mkia wake uliobapa kama kasia ulielezwa mwaka 2020, hivyo michoro ya zamani ikabidi ibadilishwe. Deinocheirus naye, kuanzia mwaka 1965, alijulikana hasa kwa mikono miwili ya mita 2.4 kutoka Mongolia.

Dhana: Basi wataalamu wanabuni tu.

Ukweli: Hapana, na lawama hii inawaonea. Mwenye bucha Nakasero akishika mfupa wa paja hutambua kama ni wa ng'ombe au wa mbuzi kwa unene wake, umbo la kiungo na alama za misuli ilipojishika. Mtaalamu hulinganisha vivyo hivyo. Kinachobaki kukisiwa mara nyingi ni rangi na nyama laini.

Dhana: Kiunzi kilichosimama makumbusho ni cha mnyama mmoja.

Ukweli: Giraffatitan wa Berlin, anayezidi mita 13 kwa kimo, alifukuliwa Tendaguru, karibu na Lindi, kati ya 1909 na 1913, na mamia ya vibarua Waafrika waliobeba mifupa kwa miguu hadi pwani. Kiunzi chake kimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa, na palipokosekana mfupa pakawekwa nakala. Jambo hilo, kwa maoni yangu, lastahili kuandikwa kwa herufi kubwa miguuni pake, pamoja na kazi ya vibarua hao.