Tafuta Msimamizi Kabla ya Kutafuta Fedha

Madirisha ya udahili wa shahada za juu yakikaribia kufunguliwa, wahandisi vijana wa Dar es Salaam huuliza swali lilelile: ufadhili uko wapi? Siwalaumu, ada si mchezo. Lakini kwa anayetaka uzamili au uzamivu wa utafiti, swali hilo limewahi mno. Jumuiya ya Madola, ikifadhili uzamivu nchini Uingereza, hudai maelezo ya maandishi ya msimamizi mtarajiwa. DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo na utafiti, kwa ruzuku zake za utafiti, hudai barua ya profesa anayethibitisha kwamba atakupokea. Ukianza na fedha, utajikuta umejaza fomu nusu, na nusu iliyobaki inamhitaji mtu ambaye hujawahi hata kumwandikia.

Basi tuanze na huyo mtu. Barua nyingi zinazotufikia wahadhiri zimeandikwa hivi: “Profesa, mimi ni kijana mwenye bidii, naomba usimamizi na ufadhili katika fani yoyote ya uhandisi.” Mara nyingine anwani za wenzangu thelathini zinaonekana hapo juu, zote kwenye barua moja. Anayesema fani yoyote hajachagua fani, na hakuna mtu atakayemchagulia.

Linganisha na mhandisi wa maji anayeandika namna hii. Njia iliyozoeleka ya kukadiria maji yanayovuja ni kupima mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Kinachoendelea kupita kwenye mita saa hizo huhesabiwa, kwa sehemu kubwa, kuwa kinavuja. Kwenye mtaa wenye mgao mambo hugeuka: maji yakifunguliwa usiku, huo ndio muda wa watu kuamka na kujaza matangi. Kipimo kitasema bomba linavuja, kumbe ni ndoo na matangi. Isitoshe, presha hubadilika kila maji yanapofunguliwa na kufungwa, na uvujaji nao hupanda na kushuka na presha. Sasa mwombaji anauliza: tutatenganishaje maji yanayovuja na maji yanayohifadhiwa, mahali ambapo huduma si ya saa 24? Anaongeza kwamba amesoma makala mbili za huyo profesa, anataja ni zipi, na anaeleza kwa nini mbinu iliyomo inamgomea kwenye mazingira yake. Barua nzima haijazidi ukurasa mmoja. Barua kama hiyo mimi huijibu siku hiyohiyo, hata kama jibu ni kwamba sina nafasi lakini mwenzangu anayo.

Wazo la namna hiyo haliji kwa kukaa nyumbani kuliwaza. Aliye Dar es Salaam ana bahati kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kitivo chake cha uhandisi kilianza mwaka 1973 na leo ni Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, kipo pale Mlimani, Chuo Kikuu Ardhi ni jirani yake, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam iko katikati ya jiji. Omba kusoma tasnifu za waliotangulia, na uende moja kwa moja kwenye sura ya mwisho, palipoandikwa mapendekezo ya utafiti zaidi. Watu huipita sura hiyo, na ndimo yalimo maswali ambayo mtu mwenye uzoefu amekiri kwamba bado hayajajibiwa.

Ukishakutana na msimamizi, usiogope kuuliza. Mashine ya maabara utakayoitegemea inafanya kazi, au inasubiri kipuri tangu mwaka juzi? Sampuli zitalipiwa na nani? Ufadhili mwingi hugharimia ada na posho ya kujikimu, ila gharama za maabara na safari za kukusanya data hubaki juu ya mwanafunzi au mradi wa msimamizi. Amesimamia wangapi hadi wakamaliza? Kwetu kuuliza hivyo kunaweza kuonekana utovu wa adabu, lakini uliza kwa heshima tu. Miaka mitatu au minne ni mingi kuitumia kwa mbuzi uliyeuziwa kwenye gunia.

Kuhusu nyaraka nitakuwa mfupi. GPA zetu ni za kipimo cha 5, na huko nje wengi wamezoea cha 4. Andika “3.8 kati ya 5” na uambatishe ukurasa wa transkripti unaoeleza madaraja, vinginevyo msomaji ataifasiri anavyojua yeye. Wadhamini wako wajulishe mapema na uwape andiko lako, maana barua ya mdhamini inayosema tu kwamba ulikuwa mtulivu darasani haisaidii kitu. Angalia ukomo: ufadhili wa serikali ya China huweka umri usiozidi miaka 35 kwa uzamili na 40 kwa uzamivu, na DAAD kwa kawaida haitaki iwe imepita zaidi ya miaka sita tangu shahada yako ya mwisho. Kama chuo ni cha nje, hakikisha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania itaitambua shahada yake kabla hujapanda ndege. Mtumishi wa umma aanze taratibu za ruhusa ya mwajiri mapema, maana barua hiyo ndiyo huchelewa kuliko zote.

Na yeyote anayekuomba utume “ada ya kuchakata” kwenye namba ya simu ili jina lako lipite, mkimbie. Wafadhili niliowataja hawapokei maombi kwa mtindo huo.

Profesa akikaa kimya wiki tatu, mkumbushe mara moja, kwa sentensi mbili. Akinyamaza tena, mwandikie mwingine, lakini barua mpya, iliyosoma kazi za huyo mwingine.