Buibui wa Kifua Chekundu Chini ya Paa za Lamu

Mtu akiketi barazani mjini Lamu baada ya isha na kumulika kurunzi pale boriti zinapokutana na ukuta, huenda akamwona buibui mkubwa aliyetulia kwenye utando wake, kichwa kikiwa chini na miguu ameitandaza. Mchana hamuoni, kwa kuwa hushinda ndani ya kijumba chenye umbo la mrija alichokisokota kwa uzi wake mwenyewe na kukigandisha ukutani. (Hapa Lamu lazima tufafanue kwamba tunamzungumzia mnyama, si vazi.)

Jina lake la kisayansi ni Nephilingis cruentata. Alielezwa mara ya kwanza na Fabricius, mtaalamu wa Denmark, mwaka 1775, na neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake aliyetapakaa damu. Ukimtazama kwa juu hutaelewa sababu, maana mgongo wake ni wa kahawia iliyokoza, na miguu ni myeusi yenye mapete ya rangi ya manjano. Mmulike kwa chini: katikati ya mashina ya miguu minane pana kibamba chekundu, nacho ndicho alama ya kutegemewa kuliko zote. Jike ana urefu wa sentimita 2 hivi au zaidi kidogo bila kuhesabu miguu, ilhali dume, mwenye takribani milimita 4, hukaa pembeni mwa utando huohuo, na wengi humdhania kuwa mtoto wake.

Utando nao hujulisha mwenyewe. Si tandabui lile la vumbi linalofagiliwa pembeni mwa dari, bali ni gurudumu lililopangwa nyuzi kwa nyuzi, isipokuwa kitovu chake hakiko katikati. Kimevutwa juu karibu na mlango wa kijumba, hivi kwamba sehemu kubwa ya utando imening'inia chini yake. Mdudu akinasa, buibui hashuki mbali, na akitishwa hurudi ndani kwa hatua chache. Kwa binadamu si buibui wa kuogopwa.

Makao yake ya asili ni Afrika ya kitropiki pamoja na maeneo ya kusini yenye joto, ambako huishi kwenye vigogo vya miti mikubwa kama anavyoishi kwenye majengo. Mazoea hayo ya kukaa karibu na watu bila shaka yalimsaidia kusafiri, kwani leo yuko pia Amerika Kusini, ikiwemo Brazil, alikofikishwa na binadamu. Visiwani mwa Bahari ya Hindi nafasi yake imeshikwa na ndugu zake: Nephilingis livida yuko Madagaska na Komoro, naye Nephilingis borbonica yuko Réunion na Morisi.

Asichanganywe na buibui wa uzi wa dhahabu wa jenasi Trichonephila. Huyo hutanda nje, baina ya miti na vichaka, na hukaa katikati ya utando wake mchana kutwa, juani.