Maana ya uanuwai wa kijenetiki na ukali wa bakteria wa chakula

Maabara inapoandika kwamba mboga au nyama imekutwa na bakteria Escherichia coli (E. coli), taarifa hiyo peke yake haijasema kama mlaji ataugua. Nasaba nyingi za spishi hiyo huishi utumboni mwa binadamu bila kumdhuru, na mojawapo, K-12, iliyopatikana California mwaka 1922, hadi leo hufugwa maabarani kwa ajili ya masomo na utafiti. Nasaba nyingine ya spishi hiyohiyo, O157:H7, ilitambuliwa mwaka 1982 baada ya walaji wa hambaga huko Oregon na Michigan, Marekani, kuharisha damu. DNA za nasaba hizo mbili zilipolinganishwa mwaka 2001, O157:H7 ilikutwa na jeni zaidi ya 1,300 ambazo K-12 haina.

Tofauti za namna hiyo baina ya bakteria wa spishi moja ndizo uanuwai wa kijenetiki. Ukali ni kiwango cha madhara ambacho kimelea kinaweza kuleta, nao hutegemea jeni chache tu miongoni mwa hizo: za kujigandisha kwenye ukuta wa utumbo, za kutengeneza sumu, za kukwepa kinga ya mwili. Bakteria hawangoji kurithi jeni hizo kutoka kwa mzazi. Huzipokea pia kutoka kwa jirani kupitia plasmidi, yaani vipande vidogo vya DNA vya ziada, au huingiziwa na faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni mlipuko wa Ujerumani wa mwaka 2011. Watu zaidi ya 3,800 waliugua, zaidi ya 800 kati yao wakapatwa na madhara makubwa ya figo, na zaidi ya 50 wakafa. Matango ya Hispania yalilaumiwa mwanzoni, bila haki, kabla ya uchunguzi kuishia kwenye mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi. Mhusika, O104:H4, alitoka katika kundi la E. coli linalojulikana kwa kung'ang'ania utumbo na kuharisha watu, lakini safari hii alikuwa amebeba faji yenye jeni ya sumu ya Shiga, ileile ya O157:H7. Alikuwa pia na plasmidi iliyomkinga dhidi ya antibiotiki nyingi, ingawa hata dawa inayofaa ingehitaji tahadhari, kwa kuwa baadhi ya antibiotiki huamsha faji na kuongeza sumu.

Kupata jeni si njia pekee ya bakteria kubadilika kuwa wakali; kupoteza jeni nako huhusika. Bakteria mwingine wa chakula, Salmonella Typhimurium, ambayo kwingi huleta kuharisha tu, ina nasaba iitwayo ST313 ambayo huingia kwenye damu ya watoto wenye malaria au utapiamlo na watu wazima wenye VVU, nchini Kenya, Malawi na kwingineko Afrika. Na baadhi ya jeni za ST313 za maisha ya utumboni zimeharibika, kama ilivyotokea kwa bakteria wa homa ya matumbo.