Wimbi la mshtuko la jua si joto la Moshi

Joto likipamba moto hapa Moshi, ujumbe uleule huanza kuzunguka kwenye magrupu: mawimbi ya mshtuko ya jua yamefika, zimeni simu, msitoke nje mchana. Juzi nimeusikia tena ndani ya daladala, na aliyekuwa akiusema ni mtu aliyesoma vizuri.

Wimbi la mshtuko ni msukosuko unaokwenda ndani ya gesi kwa kasi kuliko mawimbi ya kawaida ya gesi hiyo. Gesi iliyo mbele haipati dalili yoyote; wimbi likifika, shinikizo linapanda ghafla. Kwenye angahewa la jua huzuka pale nguvu ya sumaku iliyojikusanya inapofyatuka kwa mlipuko.

Sasa, mlipuko ni kitu kimoja na wimbi ni kingine. Mwaka 1960 Gail Moreton, aliyekuwa akipiga picha za jua mfululizo huko California, alieleza kuhusu tao linalotoka kwenye mlipuko na kukimbia juu ya uso wa jua kwa kasi ya kilomita 1,000 hivi kwa sekunde. Njiani kulikuwa na tepe nyeusi za gesi iliyopoa kiasi. Tao likipita, utepe ulitoweka pichani, kisha ukarudi palepale. Haukuungua. Ulikuwa ukisukumwa chini na juu, rangi ya mwanga wake ikabadilika kidogo hadi chujio la kamera likashindwa kuinasa. Ni kama upepo unapopita kwenye mpunga wa Mabogini: wimbi linakwenda, mashina yanabaki.

Kasi hiyo iliwasumbua wataalamu, kwa sababu katika tabaka lile la gesi, juu kidogo ya uso wa jua, sauti husafiri kilomita 10 hivi tu kwa sekunde. Mwaka 1968 Mjapani Yutaka Uchida alitoa jibu: wimbi lenyewe liko juu zaidi, kwenye korona, tabaka la nje lenye joto la nyuzi milioni moja na zaidi. Tunachokiona chini ni wayo wake ukikanyaga. Hadi leo wanabishana kama linasukumwa na mlipuko wenyewe au na wingu la gesi linalorushwa pamoja nao.

Na wimbi hilo huishia hukohuko juani. Kinachotufikia kwanza ni mwanga wa mlipuko, baada ya dakika 8, nao unaweza kuvuruga redio za masafa mafupi upande wa dunia wenye mchana. Wingu, likielekezwa kwetu, huchukua siku moja hadi tatu. Likiwa na kasi ya kutosha husukuma wimbi lake la mshtuko mbele, na hilo hugonga ngao ya sumaku ya dunia. Halipandishi joto mjini.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa magrupu, joto hili ni la kiangazi: Februari kwenda Machi mbingu huwa nyeupe na jua linakaribia kupita utosini. Simu ziacheni ziwake.