Dripu na mzunguko wa damu: kwa nini shinikizo kupanda hakutoshi

Katika wodi ya magonjwa ya ndani ninakofanyia kazi hapa Mtwara, hakuna ombi ninalolisikia mara nyingi kama ombi la dripu. Mgonjwa akiletwa kutoka Nanyamba au Tandahimba akiwa amelegea, homa imempanda na vidole vimekuwa vya baridi, ndugu waliomsindikiza huuliza mapema kabisa, "Dokta, mbona bado hamjamtundikia maji?" Siwalaumu, kwa sababu nami nilifundishwa hivyo hivyo, na kwa miaka kadhaa nilitundika chupa moja baada ya nyingine nikiamini kwamba mtu aliyeshuka shinikizo la damu kutokana na maambukizi makali anahitaji maji mengi na kwa haraka. Kilichonibadilisha ni tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wanaofanana na wa kwetu, katika hospitali zenye vifaa vinavyokaribiana na vyetu, na ndizo ninazotaka kuzieleza hapa.

Nianze na jambo ambalo hata sisi madaktari hulichanganya: shinikizo la damu na mtiririko wa damu ni vitu viwili tofauti. Shinikizo hutokana na kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kila dakika pamoja na ukinzani wa mishipa inayoipokea damu hiyo. Mishipa ikijibana, mashine inaweza kuonyesha shinikizo zuri kabisa ilhali figo, utumbo na ngozi havipati damu ya kutosha. Ukinzani huo hutegemea sana upana wa mshipa, kiasi kwamba kwa hesabu ya mrija wa kawaida, kipenyo kikipungua kwa nusu huku shinikizo likibaki lile lile, mtiririko hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Nao mtiririko unaomlisha mtu ni ule unaopita kwenye mishipa myembamba kuliko unywele, ambako chembe nyekundu hupenya moja moja na kuiachia oksijeni iingie kwenye seli. Huko mkanda wa kupimia shinikizo, unaofungwa kwenye mkono, hauna habari nako.

Kwa muda mrefu hoja ya kumpa maji mengi mgonjwa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyouchochea mwili mzima hadi viungo kuanza kushindwa kazi, ilionekana haina pengo. Mishipa imelegea na kutanuka, kwa hiyo damu iliyomo haitoshi kuijaza. Ukiongeza maji, damu nyingi zaidi inarudi moyoni, misuli ya moyo inanyooka na kusukuma kwa nguvu zaidi. Mwaka 2001 utafiti uliofanywa Detroit, Marekani, kwa wagonjwa 263 uliipa hoja hiyo nguvu kubwa: waliopata mpango wa matibabu wenye vipimo na malengo kwa saa 6 za mwanzo, maji ya dripu yakiwa sehemu yake, walifariki asilimia 30.5, na waliopata matibabu ya kawaida walifariki asilimia 46.5. Mpango huo ulienea duniani. Baadaye, katika miaka ya 2014 na 2015, tafiti tatu kubwa zaidi, zilizoongozwa kutoka Marekani, Australia na Uingereza, ziliurudia na hazikuiona tofauti ile. Kufikia wakati huo, hata hivyo, Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi mzito zaidi kuhusu maji yenyewe.

Ushahidi huo ni utafiti uliojulikana kwa jina la FEAST, uliochapishwa mwaka 2011. Ulifanyika katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, na kwetu ilishiriki hospitali ya Teule iliyoko Muheza, mkoani Tanga. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: wa kwanza walipewa kwa haraka maji yenye albumini, yaani protini ya damu, wa pili maji ya chumvi kwa haraka, na wa tatu hawakupewa maji ya haraka bali yale ya kuwatosha kwa siku pamoja na dawa zote nyingine. Watafiti walitarajia kwamba maji yangeokoa maisha. Hadi kufikia saa 48, katika makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na 10.5, na katika kundi ambalo halikupewa walikuwa wamefariki asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa. Ukiihesabu tofauti hiyo kwa namna ya wodini, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, watatu zaidi walipoteza maisha.

Mimi ni daktari wa watu wazima, lakini kuna sehemu ya utafiti huo ambayo naona kila daktari anapaswa kuitafakari. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya saa moja dalili za mzunguko hafifu zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya watoto waliopewa maji ya haraka, na kwa asilimia 32 tu ya wale ambao hawakupewa. Kwa hiyo daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona kweli mtoto akipata nafuu: mikono ikipata joto, mapigo yakirudi. Hakudanganyika kwa alichokiona. Kosa lingekuwa kudhani kwamba nafuu ya saa ya kwanza ndiyo matokeo ya tiba. Tena, vifo vya ziada havikutokana hasa na mapafu kujaa maji, kama wengi tulivyodhani tulipozisikia habari hizo mara ya kwanza; vilitokana hasa na moyo na mzunguko wa damu kuanguka saa kadhaa baadaye.

Hapa ndipo inapoonekana sababu ya kugawanya wagonjwa kwa bahati nasibu, jambo ambalo baadhi ya watu huliona kama ukatili. Daktari mmoja akikumbuka wagonjwa wake, hukumbuka waliopewa maji wakapona na waliopewa wakafariki, na waliofariki huwaweka upande wa ugonjwa, "walichelewa kuja." Hana namna ya kujua ni nani kati yao angepona bila maji. Tena wanaopewa maji mengi kwa kawaida ndio waliozidiwa zaidi, kwa hiyo huwezi kuwalinganisha na waliopewa kidogo ukasema umepima maji. Bahati nasibu huondoa mkono wa daktari katika kuchagua, na makundi yanayopatikana hufanana kwa umri, kwa ukali wa ugonjwa, na hata kwa mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyapima. Tofauti ikitokea baadaye, na wagonjwa wakiwa wengi vya kutosha, inabaki kuwa tofauti ya tiba.

Kwa watu wazima utafiti ninaourejea zaidi ni ule wa Lusaka, Zambia, uliochapishwa mwaka 2017. Ulihusu wagonjwa 209 wenye sepsisi na shinikizo la chini, na karibu asilimia 90 kati yao walikuwa wanaishi na VVU. Nusu walitibiwa kwa utaratibu wa maji mengi mapema, dawa za kupandisha shinikizo na damu inapohitajika. Nusu walitibiwa kama ilivyokuwa desturi ya hospitali. Katika saa 6 za mwanzo kundi la kwanza lilipata wastani wa lita 3.5 na la pili lita 2.0. Waliofariki hospitalini walikuwa asilimia 48.1 katika kundi la kwanza na asilimia 33.0 katika la pili. Niliposoma takwimu hizo niliona wodi yangu: watu waliodhoofika kwa muda mrefu, wenye upungufu wa damu, wengine wenye kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, mahali ambapo mapafu yakijaa maji usiku hakuna mashine ya kupumulia inayosubiri.

Lazima niseme pia kwamba matokeo hayo hayakujirudia kila mahali. Utafiti mmoja wa Ulaya wa mwaka 2022 na mwingine wa Marekani wa mwaka 2023, kila mmoja ukiwa na wagonjwa zaidi ya 1,500, ililinganisha maji mengi na maji machache na ikakuta vifo vinakaribia kulingana. Sioni mgongano hapo. Wagonjwa wale walikuwa karibu na mashine za kupumulia na dawa za kupandisha shinikizo, na wauguzi wa kuwatazama muda wote, kwa hiyo madhara ya maji yaliweza kugunduliwa na kusahihishwa. Athari ya tiba hubebwa na dawa pamoja na mazingira inamotolewa, na utafiti wa kwao peke yake hautoshi kuniambia nifanye nini Mtwara.

Malaria kali ndiyo inayonifafanulia jambo hili kuliko ugonjwa mwingine wowote, nayo katika mikoa hii ya kusini si ngeni. Chembe nyekundu zilizovamiwa na vimelea vya falciparum hujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo na kuiziba. Aliyewahi kuona mashamba ya chumvi ya pwani yetu ataelewa: maji ya bahari huingia wakati wa bamvua kupitia mlango mmoja, kisha husambazwa na mifereji midogo hadi kila kitalu. Mifereji ikijaa tope, kuupanua mlango hakupeleki maji kwenye vitalu. Maji yatapanda pale mlangoni na kubomoa matuta. Watafiti waliofanya kazi Bangladesh walitumia kamera ndogo kuitazama mishipa hiyo kwa wagonjwa wazima, wakaona kwamba kadiri mishipa iliyoziba ilivyokuwa mingi ndivyo asidi ya laktati, ile inayojikusanya seli zikikosa oksijeni, ilivyozidi katika damu. Kuwaongezea maji hakukurekebisha asidi hiyo, na baadhi yao mapafu yalijaa maji.

Kilichosaidia ni kuondoa tope lenyewe. Mwaka 2005 utafiti wa wagonjwa 1,461 wa malaria kali, wengi wao watu wazima wa Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar, ulionyesha kwamba waliochomwa artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, walifariki asilimia 15 na waliopewa kwinini asilimia 22. Hiyo ni sawa na kuokoa mtu mmoja katika kila watu 14 hivi wanaotibiwa. Artesuneti haipandishi shinikizo la damu. Huua vimelea vikiwa bado vichanga, kabla chembe zilizovibeba hazijajishikiza kwenye mishipa.

Nisieleweke kwamba dripu ni sumu. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekaukiwa amepoteza maji halisi, na mtu mzima wa namna hiyo huhitaji mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya saa tatu, tena theluthi moja hivi ya maji hayo katika nusu saa ya kwanza, ukimcheleweshea umemuua. Anayevuja damu naye ana hesabu yake. Ninaozungumzia ni wale ambao mishipa yao inavuja au imeziba, ambao maji unayowapa hayabaki ulipoyaweka.

Kwa hao siku hizi naanza na antibayotiki au artesuneti bila kusubiri, kisha natundika chupa moja ya nusu lita na kurudi kitandani kabla sijaandika nyingine. Nasikiliza mapafu, nahesabu pumzi, naangalia mkojo, na napima kidole, yaani nakibonyeza na kuona damu inarudi upesi kiasi gani. Kipimo cha kidole kilijaribiwa katika hospitali 28 za Amerika Kusini, kwa wagonjwa 424, na matokeo kuchapishwa mwaka 2019: waliotibiwa kwa kufuata kidole walipewa maji kidogo zaidi, na walifariki asilimia 34.9, huku waliotibiwa kwa kufuata kipimo cha laktati wakifariki asilimia 43.4. Kitakwimu tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kuondoa shaka, lakini ilitosha kunionyesha kwamba kipimo kisicho na gharama hakikuwa duni kwa kile cha maabara.

Ninachotumia ni slaidi ile ile ya kioo inayopakwa tone la damu kupimia malaria. Naibonyeza kwenye nyama ya kidole cha shahada hadi ipauke, nashikilia sekunde 10, naachia, na kuhesabu. Rangi ikirudi ndani ya sekunde 3, damu inafika. Ndugu akiniuliza kwa nini sijaongeza chupa, namkabidhi ile slaidi. "Mama, hebu bonyeza wewe mwenyewe, halafu tuhesabu pamoja."