Mbao Nyeupe Isiyo Laini: Dhana Potofu Kuhusu Mepo Ngumu

Katika karakana nyingi za Dodoma, seremala huisoma mbao kwa rangi kabla hajaigusa: ya kahawia nyekundu ni mninga wa Tabora au Manyoni, nyeusi ni mpingo, na nyeupe ni paini ya Mufindi, ambayo hata ukucha huitia alama. Usomaji huo unatufaa kwa miti yetu, lakini humpoteza fundi anapoletewa mepo ngumu, mti wa Amerika Kaskazini ambao jina lake la kitaalamu ni Acer saccharum.

Dhana inayosikika zaidi ni kwamba mbao hiyo ni laini kwa kuwa ni nyeupe. Ukweli ni kwamba weupe ule ni wa tabaka la nje la shina, lile linalopitisha maji, na ndilo linalopendwa sokoni kuliko kiini chake cha kahawia. Kwa mninga mambo ni kinyume, kwani tabaka jeupe la pembeni huondolewa kwa sababu dumuzi hulitafuna. Katika kipimo cha Janka, yaani nguvu inayohitajika kuizamisha gololi ya chuma hadi nusu yake ndani ya mbao, mepo ngumu hufikia takriban nyutoni 6,450. Ndiyo maana hutengenezewa sakafu za viwanja vya mpira wa kikapu na vibao vizito vya kukatia nyama. Ukiipigilia msumari bila kutoboa kwanza kwa keekee, ama msumari utapinda, ama mbao itapasuka.

Wapo pia wanaodhani kwamba neno "ngumu" lina maana ya kutokuwa na mpinzani. Jina hilo huitenga tu na mepo laini za hukohuko kwao. Mpingo unaizidi kwa zaidi ya mara mbili.

Dhana inayowatia mafundi hasara kubwa zaidi ni kwamba mbao ngumu haichezi. Mepo iliyopasuliwa bapa, yaani uso wa ubao ukifuata pete za shina, husinyaa kwa upana wake karibu asilimia 9.9, kutoka ubichi hadi ukavu kamili, ilhali mninga husifika kwa kusinyaa kidogo mno. Kiangazi cha Dodoma, kinachoanza mwezi Mei hadi Novemba, hakina huruma na tofauti hiyo: uso wa meza wenye upana wa sentimita 90, ambao unyevu wake utashuka kutoka asilimia 12 hadi 8, utapungua kwa takriban milimita 12, na kama umekazwa kwa skrubu pande zote za fremu, utapasuka katikati. Mbao zipangwe karakanani kwa wiki kadhaa, zikitenganishwa kwa vijiti, na matundu ya skrubu yarefushwe kidogo kufuata upana wa meza.

Ugumu, vilevile, hauzuii kuoza wala mchwa. Fremu ya mlango wa nje ni kazi ya mninga. Mepo ikinyeshewa mara kwa mara haidumu.

Mwisho ni dhana kwamba rangi yoyote ya mbao itaikubali. Vinyweleo vyake ni vidogo na hunywa rangi bila usawa, hivyo hubaki mabakamabaka, hasa mteja anapotaka ifanane na mninga (na mara nyingi ndivyo anavyotaka). Binafsi huipaka vanishi isiyo na rangi. Ikilazimu kuitia rangi, hutanguliza sila (kimiminika cha kuziba vinyweleo) iliyozimuliwa, kisha hujaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.