Treni za barua za Ireland: dhana potofu na ukweli wake

Mpenzi wa modeli za treni hununua behewa la posta, akaliunga nyuma ya kichwa, akaliacha lizunguke mezani likiwa tupu ndani. Hakuna behewa linaloonewa kama hilo. Mengi yanayosimuliwa kuhusu treni za barua za Ireland si kweli, na kosa moja huzaa jingine: ukishaamini kuwa behewa lile lilikuwa ghala tu, hutajali lilikuwa na nini ndani wala nani walikesha humo.

“Irish Mail ilikuwa treni ya Ireland”

Jina ndilo linalopotosha. Irish Mail haikuwahi kupita juu ya reli ya Ireland. Ilianza tarehe 1 Agosti 1848, ikitoka stesheni ya Euston, London, kwenda bandari ya Holyhead kwenye kisiwa cha Anglesey, huko Wales. Mwanzoni njia yenyewe ilikatika katikati, kwa sababu Britannia, daraja la reli la Robert Stephenson, lilikuwa bado linajengwa. Abiria na barua walivuka mlangobahari wa Menai kwa barabara, juu ya daraja la Thomas Telford, kisha wakapanda treni nyingine ng'ambo. Hali ikawa hivyo mpaka Machi 1850.

Kutoka Holyhead mifuko ya barua ilipakiwa melini hadi Kingstown, mji unaoitwa leo Dún Laoghaire. Hapo ndipo treni za barua za Ireland zenyewe zilipoanza kazi, kuelekea Cork, Galway, Belfast na kwingineko. Hata saa zilitofautiana: mpaka Oktoba 1916, Dublin ilikuwa nyuma ya London kwa dakika 25 na ushei. Kwa hiyo anayetaka kuijenga Irish Mail anajenga treni ya Uingereza na Wales. Anayetaka treni ya barua ya Ireland aanze na njia ya Dublin na Cork.

“Behewa la posta ni gari la mizigo lenye nembo”

Hili ndilo kosa kubwa, na linaniuma. Lile lilikuwa ofisi ya posta kamili inayokwenda. Wazo lilijaribiwa Uingereza Januari 1838, kwa kutumia behewa la kubebea farasi lililogeuzwa kuwa chumba cha kupangia barua kati ya Birmingham na Liverpool. Ireland ilipata ofisi zake za namna hiyo katika miaka ya 1850.

Ingia ndani kwa mawazo. Ukuta mmoja, karibu urefu wote wa behewa, umejaa vishubaka, safu juu ya safu, kila kimoja na mji wake au njia yake. Chini yake kuna meza nyembamba ya kumwagia barua. Ukuta wa pili una kulabu zilizotundikwa mifuko, midomo wazi, ikingoja kujazwa na kufungwa kabla ya stesheni inayofuata. Wafanyakazi walisimama usiku kucha, treni ikiyumba, wakisoma maandishi ya kila aina ya mkono kwa mwanga wa taa. Barua iliyoingia Dublin jioni ilitoka Cork ikiwa tayari imepangwa. Kazi ambayo ingeanza asubuhi ofisini ilikuwa imekwisha njiani, na hapo ndipo ilipopatikana faida. Kasi ya treni peke yake isingetosha.

Ndiyo maana sura ya behewa ni ile. Madirisha ni machache na madogo, mara nyingi juu karibu na paa, kwa sababu ukuta ulihitajika kwa vishubaka. Katika mabehewa mengi ya zamani ya Uingereza, hata njia ya kupita kwenda behewa jingine haikuwekwa katikati bali pembeni, ili mpita njia asiwapigie kumbo waliokuwa wakipanga barua. Mabehewa hayo hayakuunganika vizuri na ya abiria, na huo ukawa ulinzi pia.

Ubavuni palikuwa na tundu la kutumbukizia barua. Aliyechelewa posta ya mjini alikimbilia stesheni, akalipa nyongeza ya stempu, akaitumbukiza mwenyewe. Kwenye modeli nzuri ya kipimo cha 1:76 tundu hilo halizidi milimita tatu. Litafute kabla hujalipa. Likikosekana, fundi amechora gari la mizigo na kulipaka rangi.

Wapo pia wanaodhani kazi hii ilikuwa ya starehe. Meli zilizobeba barua kati ya Kingstown na Holyhead nazo zilikuwa na vyumba vya kupangia barua. Tarehe 10 Oktoba 1918 manowari ya Ujerumani iliipiga RMS Leinster, moja ya meli hizo, kwa torpido muda mfupi baada ya kuondoka Kingstown. Wafanyakazi wa posta waliokuwa wakipanga barua ndani walikuwa 22, na 21 kati yao walikufa pamoja na mamia ya abiria na mabaharia. Vita ilikuwa imebakiza mwezi mmoja.

“Mkono unaodaka mifuko ni mchezo wa watoto tu”

Mwaka 1957 Hornby-Dublo, watengenezaji wa treni za kuchezea wa Uingereza, walitoa seti yenye behewa la posta linalodaka na kudondosha mifuko likiwa mwendoni, na watoto wengi walidhani ni ubunifu wa wauza vitu vya kuchezea. Sivyo. Kwenye reli za Uingereza wafanyakazi walitoa nje wavu mkubwa, nao ukaukwapua mfuko uliofungwa ndani ya ngozi nene na kuning'inizwa kwenye nguzo kando ya reli. Wakati huohuo mfuko mwingine uliachwa nje uingie kwenye wavu wa chini, bila treni kupunguza mwendo. Mfuko uliingia kwa kishindo, na aliyesimama mahali pabaya aliumia. Mtambo huo ulitumika kwa mara ya mwisho Oktoba 1971.

“Liwe jekundu, liwekwe kwenye reli yoyote”

Wekundu ni wa Royal Mail, posta ya Uingereza. Baada ya Ireland kujitawala mwaka 1922, hata masanduku ya barua ya Ireland yalipakwa kijani, na mabehewa ya CIÉ, shirika la usafiri lililoundwa mwaka 1945, yalikuwa ya kijani kwa miaka mingi kabla ya kuja rangi ya chungwa na nyeusi.

Reli nazo zina kisa chao. Msomaji wa Kenya anajua tofauti ya reli ya zamani ya milimita 1000 na SGR ya milimita 1435. Ya Ireland ni pana kuliko zote mbili: milimita 1600. Ukiipunguza kwa kipimo cha OO, yaani kile cha 1:76, unapata milimita 21, ilhali reli za modeli zinazouzwa madukani ni milimita 16.5. Modeli nyingi za Ireland hutembea kwenye hizo nyembamba, na sioni ubaya ikiwa mtu anajua anachofanya. Wenye subira hujijengea reli yao ya 21.

“Barua pepe ndiyo iliyoziua”

Ofisi ya mwisho ya posta iendayo kwa reli nchini Ireland ilifungwa mwaka 1994, wakati intaneti ilikuwa bado haijaingia majumbani. Barua zilikuwa nyingi bado. Kilichobadilika ni mahali pa kuzipanga: mashine kwenye vituo vikubwa zilichukua nafasi ya vishubaka, na malori yakachukua nafasi ya treni ya usiku. Uingereza ilifuata Januari 2004. Bahasha zenye muhuri wa “Dublin & Cork T.P.O.” (Travelling Post Office, ofisi ya posta inayosafiri) bado zinatafutwa na wakusanyaji. Yeyote anayejenga modeli ya njia hiyo anaweza kusoma juu yake tarehe barua ilipopita mikononi mwa watu wa behewa lile.